Hata Fisi Ana Aibu

Danford hakusalimia. Aliingia uani kwake Makanyagio, mjini Mpanda, saa saba mchana, saa ambayo mtumishi wa umma anatakiwa awe mezani kwake, akampita mkewe Natalia aliyekuwa anapepeta mchele, bila kumtazama, akaenda kusimama mbele ya mama yake huku shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Mama, umemwita nani fisi?"

Eufrazia alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharage mapajani. Akaokota kijiwe, akakitupa kando.

"Marahaba," akasema.

Danford akajirudi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Enhe, fisi yupi unamuulizia?"

"Serikali, mama! Umeiita Serikali fisi!"

Hapo tumtetee mama wa watu kidogo, maana mjini neno likipita midomo mitatu linarudi na mkia. Eufrazia hakuiita Serikali fisi. Alisema fisi ni afadhali. Maneno yenyewe, kama yalivyokuwa kwenye maombi yaliyokwenda Arusha kwenye mahakama ya Afrika ya haki za binadamu, yalisomeka hivi: *Serikali ilikuja na magari lakini haikuja na choo, ikaligeuza kaburi la Rafaeli kuwa choo. Hata fisi ana aibu kuliko hawa.*

Rafaeli alikuwa mumewe. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba yao ya tofali za kuchoma, shambani upande wa Litapunga, mpaka ilipopita operesheni ya kuondoa watu msituni. Wakaambiwa bikoni, ile alama ya mpaka wa msitu, imewapita, nyumba ikachomwa, mahindi yakafyekwa. Eufrazia alishtaki, akashindwa. Akakata rufaa, akashindwa. Akapanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya nyumbani, nako akashindwa, na huko kote hakuna aliyetia mguu kwenda kuitazama hiyo bikoni imesimama wapi. Ndipo akavuka kwenda Arusha. Sasa, baada ya miaka ya kimya, Serikali ilikuwa imejibu.

"Bosi kaipata nakala sijui kutoka kwa nani," Danford alisema. "Kanisomea mbele ya watu. Ofisi nzima, mama. Mpaka dada wa chai kasimama na birika lake anasikiliza."

"Alisoma vizuri?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Bosi wako huwa anajikwaa akisoma. Siku ya harusi yako alisoma risala watu wakasinzia."

Natalia akageuza uso, akajifanya anakohoa. Danford hakucheka. Alijikalisha kwenye ndoo iliyofunikwa, akaanza kusema kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayeomba. Serikali inataka mahakama isiipokee kesi. Ina sababu zake nyingi, na mojawapo ni hilo tusi. Bosi wake, Bwana Method, anasema bado kuna nafasi. Mama aandike kuiondoa kesi. Akishindwa hilo, basi aombe radhi kwa maandishi.

"Na nisipoomba?"

"Kasema ziwani kuna kituo hakina mtumishi. Kasema anaona kama mimi ningefaa."

Natalia aliacha kupepeta. Genge lake la mboga na nyanya lilikuwa pale pale nje ya nyumba, watoto walikuwa wanasoma pale pale jirani, na nyumba yenyewe walikuwa ndiyo kwanza wameiezeka upande mmoja.

"Mimi nakula kwenye sufuria yako, Danford," Eufrazia alisema. "Hilo nalijua kila nikinawa mikono. Lakini kesho nakwenda kwa wakili. Nikitoka huko nitakujibu."

"Nitakwenda na wewe."

"Karibu. Obadia naye atakuja."

"Huyo ndiye aliyeleta balaa lote!" Danford alifoka, na kwa hilo hakukosea.

*

Wakili Aneth alikuwa na chumba kimoja kwenye kituo cha msaada wa kisheria, karibu na stesheni ya reli. Feni ilikuwa haizunguki. Mwanamke huyu kijana alikuwa ameipokea kesi ikiwa tayari imefika Arusha, na kila alipoyasoma maombi yale ya kwanza alishika kichwa.

"Mzee Obadia," alianza, "hebu nieleze. Nani alikuruhusu kuandika hivi?"

Obadia alikuwa Mnyamwezi mwembamba, kofia ya pama kichwani, mtani wa ukoo wa Rafaeli tangu enzi za babu zao. Siku ya kumzika Rafaeli aliingia kaburini akalala chali, akagoma kutoka mpaka wafiwa walipomtoa kwa jogoo. Kazi yake ndiyo hiyo. Mambo ambayo ndugu hawezi kuyatamka, mtani huyatamka hadharani na kulipwa juu.

"Ulitaka nani aandike?" Obadia alimjibu. "Habari za kaburi la mtu zinaandikwa na mjane? Mjane analia. Mtoto anaona haya. Mwenye mdomo wa kazi hiyo ni mimi."

"Wewe utani wako umeupeleka mpaka Arusha!" Danford alisema. "Majaji wametoka nchi zao huko, watajua utani ni nini? Umemtukana mkubwa!"

"Nimemtukana nani? Soma vizuri. Hapo kama kuna aliyetukanwa ni fisi."

Aneth alicheka, kisha akajizuia. Akavuta kiti karibu na Eufrazia, akasema naye taratibu, maana kesi ilikuwa ya mama, si ya wanaume hawa wawili.

"Mama, sikiliza. Mahakama ile kabla haijasikiliza habari ya nyumba yako kuchomwa, inajiuliza maswali mawili. La kwanza, je, mimi nina mamlaka na jambo hili? Ni la haki zilizo kwenye mkataba wa Afrika? Nchi inayoshtakiwa iliukubali huo mkataba? Jambo lilitokea kwenye ardhi yake, na wakati ikiwa imeshaukubali? Na je, ilikubali watu wake waje kwangu moja kwa moja?"

"Na la pili?"

"La pili, je, huyu aliyekuja amekuja kwa njia inayotakiwa? Ametaja jina lake? Alimaliza kwanza mahakama za kwao? Hakukawia mno baada ya hapo? Hakuleta habari za kuokota magazetini tu? Jambo lake halijaamuliwa tayari kwingine? Na lugha yake, je, ni ya adabu?"

Eufrazia alitafakari. "Kama posa," akasema.

"Posa?"

"Eeh. Washenga wamefika. Mwenye nyumba kwanza anajiuliza, hawa wanamtaka binti wa hapa, au wamekosea nyumba? Wakiwa hawajakosea, anatazama, wamepiga hodi? Wamekuja na mkubwa wao, au wametuma vijana walevi? Akiridhika ndiyo anapokea barua. Na kupokea barua siyo kutoa binti. Mahari hata haijaguswa."

"Mama, ungekuwa wakili," Aneth alisema, na alimaanisha. "Sasa Serikali imesimama mlangoni inasema washenga warudishwe. Inasema mahakama haina mamlaka kwa sababu lile tamko la nchi la kuruhusu watu kwenda moja kwa moja limeshaondolewa. Hapo sina hofu, kwa sababu maombi yako yalifika wiki chache kabla mlango haujafungwa, na waliokwisha kuingia hawatolewi. Inasema hukumaliza mahakama za nyumbani kwa vile hukuomba mapitio, yaani mahakama ya juu iitazame upya hukumu yake yenyewe. Hapo pia sina hofu sana, maana mapitio si hatua ambayo kila mtu analazimika kupita. Inasema ulichelewa. Hapo tutaeleza ulikuwa unalala kwa watu, huna wakili, na hukuwahi hata kusikia kama mahakama hiyo ipo. Imebaki lugha."

"Na wakikubali kwamba lugha ni mbaya?"

"Kesi haipokelewi."

"Nitaandika upya."

Aneth akatikisa kichwa. "Hapo ndipo penyewe, mama. Mlango umefungwa. Ukitolewa nje leo, huwezi kubisha tena. Hakuna mara ya pili."

Danford akapiga paja. "Umesikia? Basi si wafute tu hiyo mistari miwili! Mistari miwili, mama, mnakaa mnaing'ang'ania kama shamba!"

"Ushauri wangu haupo mbali na wa kijana," Aneth alikiri. "Fisi tungemwondoa. Na hiyo ya choo, kama ilikuwa ni namna ya kuonyesha hasira tu, tungeiondoa pia, tukaweka maneno ya upole. Pia, mama, kama unaogopa, unaweza kuomba jina lako lisitajwe hadharani. Mahakama italijua, lakini watu wa nje hawataliona."

"Jina langu libaki lote. Sikuiba mimi."

"Na mistari miwili?"

Eufrazia akamtazama Obadia. Obadia, mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe, alikuwa anaangalia dirishani, anahesabu mabehewa yasiyokuwepo.

"Nipeni siku mbili," mama alisema.

*

Bwana Method hakungoja siku mbili. Kesho yake asubuhi alituma gari la ofisi likamchukue Eufrazia, na jambo hilo tu lilitosha kuwatoa majirani nje. Alipofika aliwekwa kwenye benchi la korido. Dada wa chai akapita kwenda, akapita kurudi. Watu walioingia baada yake walitoka kabla yake. Wengine walimchungulia mlangoni wakanong'ona, na mmoja, kijana wa suruali ya kubana, akapita akiguna sauti ya fisi. Ofisi ikacheka. Danford alikuwa kwenye meza yake, ameinamisha kichwa juu ya karatasi ambazo alikuwa hazisomi.

Hatimaye akaitwa. Method alikuwa mtu mnene mwenye tabasamu la kugawa, na tabasamu hilo likamkaribisha bibi kwenye kiti chenye mto.

"Bibi, karibu sana. Mleteeni bibi soda. Danford, njoo nawe, hili ni la familia."

Danford akaingia, akasimama ukutani.

"Sisi sote ni watoto wako, bibi," Method alisema. "Hasira tunazijua, wazazi wetu nao ni wakulima. Lakini huwezi kumtukana mzazi wako kwa jirani halafu ukategemea akupe ugali. Nimekurahisishia. Karatasi hii hapa imeshaandikwa, na wala huhitaji kusumbuka kusoma. Weka dole gumba hapa chini, mambo yaishe, na mtoto wako abaki na kazi yake hapa mjini."

Akasogeza kibweta cha wino.

"Najua kusoma," Eufrazia alisema. "Nilisoma mpaka darasa la saba, padri mwenyewe alikuwa anatuchapa. Ila miwani nimeacha nyumbani. Danford, nisomee."

Danford akaichukua karatasi. Alisoma kwa haraka, kama mtoto anayetaka kumaliza sala. Kwamba mimi Eufrazia, kwa hiari yangu, naomba radhi. Kwamba nilitumia lugha isiyofaa. Kwamba maneno yale kuhusu kaburi la mume wangu hayakuwa ya kweli, bali yalitokana na hasira na kutokujua.

"Rudia hapo."

"Wapi, mama?"

"Hapo kwenye kweli."

"Maneno yale kuhusu kaburi la mume wangu hayakuwa ya kweli."

Eufrazia aliviringisha ncha ya kanga yake kidoleni, akaiviringua, akaiviringisha tena. Alikuwa ameyafungia maneno haya tangu mwaka ule, na hakuwahi kufikiri kwamba angeyafungulia kwenye chumba chenye mapazia, mbele ya mtu wa soda.

"Hilo siwezi," akasema. "Mengine yote ningeweza. Radhi ningeomba, hata kwa Danford tu. Lugha mbaya ningekubali. Lakini hilo siwezi, kwa sababu ni kweli."

"Bibi, tunaelewa, ni mfano wa..."

"Siyo mfano. Usinifundishe. Watu wa operesheni walipiga kambi kwangu. Walichinja mbuzi wangu, wakala. Tulikuwa tumejibanza ng'ambo ya kijito, mimi na jirani, tunawaona. Na kila aliyeshikwa na haja alikwenda nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na udongo mpya, laini. Msalaba ulikuwepo. Walitundika mashati yao kwenye msalaba." Akakisukuma kando kile kibweta cha wino. "Walipoondoka nikamwita Obadia. Mimi sikuweza kusogea. Yeye ndiye aliyezoa, kwa koleo, na pale koleo lilipokataa akazoa kwa mikono. Akamwaga majivu. Mtani ndiye anayesafisha, ndugu hagusi. Ndiyo nikampa yeye aandike."

Method aliangalia mezani. Tabasamu lilikuwa halipo, na bila tabasamu uso wake ulionekana mdogo.

"Kuna ushahidi wa hayo?" akauliza hatimaye.

"Aliyezoa yupo hai. Muulize."

Danford hakulia. Alikunja ile karatasi mara moja, akairudisha mezani kwa mikono miwili, kama anavyomrudishia bosi mafaili yake kila siku.

"Twende nyumbani, mama," akasema.

"Danford," Method alisema, "fikiri kabla hujatoka mlango huo. Nakuambia kama kaka yako."

"Shikamoo, bosi," Danford alijibu, akamshika mama yake mkono.

Mlangoni Eufrazia aligeuka. "Soda yako ipo hapo, baba. Sijaifungua."

*

Kufika nyumbani ndipo Danford alipolipuka. Alizunguka ua kama kuku aliyekatwa kichwa. Natalia akawafukuza watoto wakacheze kwa jirani.

"Miaka yote hii! Miaka yote, mama, nakula, nalala, nacheka na watu, baba yangu amefanywa hivyo na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa ndiyo kwanza umeajiriwa. Na mambo kama yale mama hamwambii mwanawe wa kiume. Hata mdomo haufunguki."

"Basi ningeambiwa na mtu!"

"Uliambiwa," Obadia alisema. Alikuwa amefuatilia habari, akaingia uani amevua kofia. "Nilikuambia mwenyewe. Siku ya kumkumbuka baba yako, mwaka ulipotimia, umesahau? Nilisimama hapa hapa uani mbele ya watu nikasema, Danford, baba yako siku hizi ni choo cha stendi, kila gari likipita abiria wanashuka kwake. Nilipe ujira wangu wa kuzoa."

Danford alisimama.

"Ukacheka," Obadia alisema polepole. "Watu wote walicheka. Ukatoa noti mfukoni ukanibandika kwenye paji la uso, ukasema huyu mzee ni noma. Nikasema moyoni, basi, nimeshamwambia, na amelipa. Kwa mila zetu yameisha."

Kuna kilio ambacho mwanaume hukilia akiwa amesimama wima na mikono imening'inia tu, na Danford alikilia hicho. Hakuna aliyemshika. Natalia alileta maji ya kunywa, akamwekea miguuni, akarudi kwenye mchele.

Baadaye sana, chai ikiwa imeshanyweka, Natalia ndiye aliyesema. Alikuwa mke wa watu mwenye maneno machache, na siku zote alimwita mkwewe mama kwa heshima na kwa kujihadhari.

"Mimi nilikuwa nataka ufute, mama. Nisikufiche. Nilikuwa nawaza genge langu na paa letu. Lakini sasa nauliza, ukifuta ya choo, huko Arusha si watasema kumbe mlikuwa na kaburi zuri tu, hakuna kilichotokea?"

"Ndiyo hivyo, mwanangu."

"Basi isifutwe."

"Na uhamisho?"

"Kwani ziwani hawali nyanya?"

Obadia akapiga makofi. "Huyu ndiye mwanamke! Na fisi je?"

Wote wakamtazama Eufrazia.

"Fisi anabaki," akasema. "Wakiuliza, waambieni nimemfikiria sana, na sioni pa kumpunguzia."

Majibu kwa Serikali yaliandikwa kwa wakili Aneth. Aneth aliyapanga kwa vifungu, mapitio, muda, tamko. Lakini kwenye lugha aliposema atafute maneno, Danford akaomba kiti. Akachapa mwenyewe kwa vidole viwili. Kwamba maneno hayo yaliandikwa na mtani, kwa sababu kwa mila za mwombaji hakuna mwingine anayeruhusiwa kuyasema. Kwamba hayakutungwa kumvunjia mtu heshima, yanaeleza kilichofanyika. Kwamba aliyesafisha anaapa, na kiapo chake kimeambatishwa. Kwamba mwombaji haombi radhi. Aneth alipofika hapo alinyanyua kalamu ili aukate mstari huo, akaitazama familia ile ilivyokaa, akaiweka kalamu chini.

"Mjue tu," alisema, "inaweza kutugharimu kesi."

"Tumejua," Eufrazia alijibu.

*

Barua ya uhamisho ilikuja kabla ya mvua. Danford alianza kazi mwambao wa ziwa Tanganyika, kwenye ofisi yenye meza moja na popo darini, na kila mwisho wa mwezi alipanda malori ya dagaa kuja Mpanda kuona wanawe. Alikonda. Genge la Natalia lilibaki mjini kwanza, maana watoto walikuwa na mitihani. Majirani walisema yao. Yule kijana wa suruali ya kubana, kila alipokutana na Eufrazia njiani, aliguna sauti ya fisi, mpaka siku moja Eufrazia alipomwambia, "Unaigiza vizuri, lakini mwenzako akifanya ovu huwa anainamisha kichwa. Nawe jifunze."

Siku ya uamuzi ilitangazwa, na Danford akaomba ruhusa ya kuja. Walikaa uani, simu ya Natalia imeegemezwa kwenye kinu, bando limeshanunuliwa, na majirani wakajisogeza mmoja mmoja na vigoda vyao kama kwamba wamepita tu. Aneth alikuwepo na koti lake la mahakamani, ingawa hakuna aliyemtaka avae. Kwenye kioo wakaonekana majaji wa majoho wamekaa kwa safu.

"Wa kwetu yupi?" jirani mmoja aliuliza.

"Jaji wa kwetu hakai kwenye kesi ya kwetu," Aneth alisema. "Nyamazeni."

Usomaji ulikuwa mrefu. Simu ilikwama, ikarudi, ikakwama. Mahakama ikasema kuondolewa kwa tamko hakugusi mashauri yaliyokwisha kufunguliwa, kwa hiyo mamlaka inayo. "Hawajakosea nyumba," Eufrazia alinong'ona. Ikasema mapitio si njia ambayo mwombaji alilazimika kuipita, na pingamizi hilo likatupwa. Ikasema muda aliotumia, kwa hali yake, ulikuwa wa kuridhisha. Kisha ikafika kwenye lugha, na simu ikakwama.

"Mungu wangu!" Natalia aliidaka, akaitikisa, akaiinua juu kama anayemtafutia mtoto hewa. Ua zima lilisimama. Danford alikuwa ameuma kidole.

Sauti ikarudi katikati. "...ingawa ni makali, yanaeleza tendo ambalo mwombaji anadai kutendewa, na Mahakama haioni kwamba yalikusudiwa kuishushia hadhi nchi inayoshtakiwa. Pingamizi linatupwa." Na baada ya maneno mengine machache, maombi yakatangazwa kuwa yamepokelewa.

Vigelegele vilitoka kwa majirani kwanza. Mmoja akaanza kuimba, mwingine akakimbilia nje kutangaza kwamba bibi kashinda, nyumba analipwa. Obadia alikuwa tayari amesimama katikati ya ua anadai jogoo wake.

"Nyamazeni!" Eufrazia alipaza sauti. "Nyie watu, nani amewaambia nimeshinda? Wamepokea barua tu. Binti bado yuko ndani." Aneth alimkumbatia akiwa na koti lake zito. "Wamepokea barua," mama alirudia. "Na fisi wamempokea."

*

Kesho yake, kabla Danford hajarudi ziwani, walipanda bajaji watatu, yeye, mama yake na Obadia, wakashuka mwisho wa barabara ya Litapunga, wakaendelea kwa miguu. Eufrazia alibeba jembe. Njia alikuwa bado anaijua. Kwenye bikoni palikuwa pamejengwa kibanda, na mti mrefu umekingamishwa njiani juu ya nguzo mbili kama kizuizi. Mlinzi alikuwa kijana wa watu, mpole, na alisimama alipowaona.

"Shikamoo, mama. Huku haruhusiwi mtu."

"Marahaba. Najua."

"Mna kibali?"

"Kibali sina. Nina kesi, imepokelewa. Na nina mume hapo mbele, nyasi zimempita."

Kijana alikuna kichwa. Alitazama upande wa barabara, hakukuwa na gari. Akaingia kibandani, akatoka na daftari la wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Basi tuandike, mama, ili wakiniuliza niwe na la kusema. Majina?"

"Eufrazia, mke wa Rafaeli. Liandike lote."

"Sababu ya kuingia?"

Obadia akafungua mdomo, maana hiyo ilikuwa kazi yake tangu enzi za babu. Danford akamgusa bega, akampita, akasimama mbele ya daftari. Maneno aliyajua kwa moyo. Alisomewa na bosi siku ile mbele ya ofisi nzima, hata dada wa chai akisikia, na hayakuwahi kumtoka tena.

"Andika," akasema. "Serikali ilikuja na magari lakini haikuja na choo, ikaligeuza kaburi la baba yangu kuwa choo. Tumekuja kulipalilia. Hata fisi ana aibu kuliko hawa."

Kijana aliandika polepole, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Katikati ya mstari wa mwisho kalamu ikasimama. Akainua macho, akamtazama Danford, kisha akamtazama mama.

"Na fisi nimwandike?"

"Mwandike," Eufrazia alisema, akainama, akapita chini ya mti na jembe lake.